Fundi Bomba Amekuita Mpenzi

"Tangu lini fundi bomba anakuita mpenzi?"

Fundi Vioo alikuwa katikati ya mto, maji yamemfika mapajani, mikononi ameshika samaki, trauti mwenye madoadoa anayetapatapa. Alikuwa anatabasamu, akisubiri kupigwa picha. Tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe.

"Unasema?"

"Umenisikia." Nahodha alikuwa amesimama karibu naye, simu ya rafiki yake mkononi. "Umenipa simu nikupige picha na samaki wako. Nimeinua tu, ujumbe umeingia. Umetoka kwa mtu uliyemwandika Fundi Bomba. Nikusomee?"

"Nahodha, nipe simu."

"'Mpenzi, umeshamwambia? Mwambie kabla hajanasa samaki, akishanasa hasikii la mtu.'" Aliusoma polepole, neno kwa neno. Kisha akageuka, akatazama juu ya mto, akatazama chini ya mto. "Huyo asiyesikia la mtu ni nani? Maana hapa naona tuko wawili tu."

Trauti alichoropoka, akapiga maji kwa mkia na kupotea. Fundi Vioo akabaki anaangalia viganja vyake vitupu.

Hawa watu walijuana tangu wanacheza mpira wa mtaani. Mmoja alikuwa nahodha wa timu, jina likamganda mpaka leo ambapo ni fundi umeme kwenye kinu cha unga. Mwenzake alikuwa golikipa, sasa anakata vioo vya madirisha kwenye karakana yake. Mambo ya kuvua trauti aliyaleta Nahodha. Huu si uvuvi wa kukaa ukisinzia pembeni ya maji. Unafunga ndoano ndogo kwa manyoya na uzi mpaka ifanane na nzi, unarusha mshipi, unaurudisha, unaurusha tena, nzi wako wa uongo atue juu ya maji taratibu, samaki amwamini. Wakati mzuri ni jioni, jua likishuka nyuma ya misonobari na wadudu wa kweli wakianza kuruka juu ya mto.

Safari ya siku hiyo aliiomba Fundi Vioo mwenyewe. Alikuwa na neno. Tangu wafike alikuwa analisogeza mpaka kwenye ulimi, halafu analimeza.

Simu ikaanza kuita mkononi mwa Nahodha.

Kwenye kioo cha simu, Fundi Bomba. Chini ya jina, namba. Nahodha aliitazama ile namba, na rangi ya uso wake ikabadilika. Aliijua kwa kichwa. Yeye ndiye aliyekwenda dukani kumnunulia mdogo wake laini ile.

"Usipokee," alisema Fundi Vioo. "Nakuomba. Niache nikwambie mimi."

Nahodha akabonyeza, akaweka sauti kubwa.

"Mpenzi, mbona hujibu?" Ilikuwa sauti ya dada mtu, nyuma yake kukisikika droo za duka la dawa zikifunguliwa na kufungwa. "Umemwambia, au na wewe umeshaanza kukodolea samaki macho? Sikiliza, kama unaogopa, acha, nitamwambia mwenyewe. Kaka ana hasira za karibu lakini hali watu."

"Nimeshaambiwa," alisema Nahodha.

Droo zilinyamaza.

"Kaka?"

"Hudumia wateja, mdogo wangu. Wasije wakakungoja."

Akakata. Akaitia simu kwenye mfuko wa kifuani wa suruali yake ya mpira, zile suruali ndefu za kuvulia zinazofika kifuani na kushikwa na mikanda mabegani.

"Muda gani?"

"Tangu mwaka jana."

"Mwaka jana." Nahodha alicheka, kicheko kikavu. "Mwaka jana nilikuwa zamu ya usiku kinuni. Nilikupa ufunguo wa nyumba yangu. Nilikwambia nini?"

"Uliniambia nipite nimwangalie, asikae peke yake."

"Kwa nini?"

"Nahodha, unajua kwa nini."

"Sema!"

"Kwa sababu yule mchumba wake alimwacha wiki ya harusi."

"Alimwacha kwa ujumbe wa simu! Nani alikaa na orodha ya wageni, akawapigia mmoja mmoja, msije, hakuna harusi tena?"

"Wewe. Na mimi nilikuwa pembeni yako."

"Ulikuwa pembeni yangu! Ndiyo maana inauma. Tulikaa jikoni kwangu, mtoto wa watu hali, hanywi, na mimi nikasema mbele yako kwamba mwanaume mwingine akimchezea, atanitambua. Wewe ukasema nini?"

Fundi Vioo aliinamisha kichwa. "Nikasema tutamshughulikia wote wawili."

"Haya. Tuanzie wapi kukushughulikia?"

"Simchezei. Uliniambia nimwekee jicho, nikaweka. Moyo ukafuata, na sikuutuma."

"Usiniletee maneno ya redioni!"

Sauti iligonga miamba, ndege wakaruka kutoka kwenye vichaka vya ng'ambo. Mto uliendelea na safari yake. Hapa na pale trauti walivunja uso wa maji kula, ndiyo saa yenyewe, lakini hakuna aliyerusha mshipi.

"Unajua kilichoniumiza?" Nahodha alishusha sauti, na hapo ndipo Fundi Vioo alipoogopa kweli. "Si kwamba unampenda. Ungemwandika jina lake humu, leo ningekutukana, kesho tungekunywa chai. Lakini umemwandika fundi bomba. Mdogo wangu, mfamasia mzima, umemficha kama mke wa mtu."

"Alitaka yeye iwe siri."

"Sasa unamsukumia yeye?"

Nahodha akageuka. Akaanza kuvuka kurudi upande wa gari, taratibu, mguu mmoja ukikanyaga vizuri ndipo wa pili unyanyuke, kama alivyomfundisha mwenzake tangu siku ya kwanza.

"Nahodha! Ngoja!"

"Tafuta usafiri mwingine!"

"Nisikilize kwanza!"

Fundi Vioo hakupita alikopita mwenzake. Alikata njia chini kidogo ya mwamba mkubwa, ili amzuie mbele. Huko chini ya mwamba, mto ulikuwa umechimba shimo, na wote wawili walilijua. Ila mtu aliyechanganyikiwa haoni hata anachokijua. Mguu wa kushoto ukateleza juu ya jiwe lenye utelezi, wa kulia ukakosa mahali pa kukanyaga. Akazama mpaka mabegani. Maji ya baridi yakamiminika ndani ya suruali ya mpira, ikajaa na kuvimba, ikawa nzito kama gunia lililolowa.

"Nahodha!"

Nahodha alikuwa ameshafika kwenye mwamba. Akageuka. Akamwona rafiki yake anavutwa, mikono inaparura jiwe na kuteleza.

Hakusogea.

Ulikuwa muda wa pumzi moja tu. Mtu mwingine angekuwepo asingeona kitu. Lakini macho yao yalikutana, na kila mmoja alijua mwenzake ameona nini.

Kisha Nahodha akajitupa kifudifudi juu ya mwamba, akanyoosha mkono, akaunasa mkanda wa bega.

"Fungua mkanda mwingine! Suruali imejaa maji, inakuzamisha! Fungua!"

"Vidole... havishiki!"

"Tumia meno! Ng'ata!"

"Usiniache!"

"Sikuachi! Ng'ata, mpumbavu wewe! Nikupeleke kwa mdogo wangu ukiwa nini? Ng'ata!"

Mkanda ukaachia. Nahodha alimshika kwapani, akavuta huku anatukana matusi yote aliyoyajua, na mengine aliyabuni palepale, mpaka rafiki yake akatoka mle ndani ya suruali ya mpira. Suruali ikaenda na mto. Fundi Vioo akalala juu ya mwamba na bukta yake, anakohoa na kutetemeka. Nahodha alikaa kando yake.

"Ulisimama," alisema Fundi Vioo alipopata pumzi.

"Nilisimama."

Wakaingia garini, wakarudi mjini.

* * *

Mfamasia alikuwa ameshafika kabla yao, nyumbani alikoishi na kaka yake. Aliacha duka mikononi mwa mwenzake, akaja na koti lake jeupe la kazini, hata kitambulisho hakukivua shingoni. Aliposikia gari alitoka mlangoni na maneno yake tayari.

"Kaka, kabla hujasema lolote..."

Akamwona Fundi Vioo anashuka, amejifunika koti la Nahodha, miguu mitupu, midomo imekuwa ya buluu. Maneno yakamtoka kichwani.

"Mungu wangu! Mmepigana?"

"Nimeteleza," alisema Fundi Vioo.

Alimwingiza jikoni, akawasha jiko la umeme, akamkalisha mbele yake. Akachukua taulo, akaanza kumkausha kichwa. Alimkausha kama mtu anayekijua kile kichwa, sikio moja baada ya jingine, bila kuuliza. Nahodha alisimama mlangoni akaona. Alitamani asingeona.

"Nani alianza?" aliuliza.

"Mimi," alisema Fundi Vioo.

"Muongo," alisema mfamasia. "Nilianza mimi. Yeye alikuwa anakuja hapa anakaa kwenye kiti kile, ananisimulia jinsi wateja wanavyopima dirisha kwa mkono halafu wanalaumu kioo. Alikuwa ananichekesha, basi. Anaaga, anaondoka. Siku moja nikamwambia asiondoke mapema. Alikataa. Alikataa kwa ajili yako, kaka, na siyo mara moja."

"Na siri?"

"Ya kwangu pia."

"Kwa nini? Mimi ni nani, askari?"

Mfamasia aliliweka taulo chini.

"Kwa sababu kila nikicheka unaniuliza kama niko sawa. Nikinyamaza unaniuliza kama niko sawa. Nikichelewa kutoka bafuni unagonga mlango. Unanishika kama kikombe chenye ufa, kaka. Nilitaka kitu kimoja tu ambacho ni changu, ambacho hakuna anayekikagua."

"Nilikuona ukiwa huwezi kusimama! Yule mtu alikuacha..."

"Aliniacha mimi! Hakukuacha wewe. Mimi nilishapona. Wewe bado."

Nahodha akavuta kiti, akakaa kwa uzito, mikono juu ya meza.

"Wazazi walipoondoka waliniachia nani?" alisema, na hakuna aliyejua kama anamuuliza dada yake au anajiuliza mwenyewe. "Nina dada mmoja na rafiki mmoja. Sina wa tatu. Mkigombana nyinyi wawili, nitamfuata yupi? Na mkipendana sana mkaondoka zenu, nabaki na nani hapa?"

Mfamasia alisogea, akamwekea mkono begani. Jambo lingeishia hapo, na watu wangekunywa chai. Lakini Nahodha hakuwa mtu wa kupokea mkono asioustahili.

"Ngoja," alisema. "Hajateleza tu. Alipoteleza nilikuwa karibu. Nilimwona anazama, nikasimama."

"Nahodha, acha," alisema Fundi Vioo. "Alinitoa. Asingenitoa nisingekuwa hapa."

"Nilisimama kwanza. Nilikuwa na hasira, nikasimama nikamwangalia. Muda mfupi. Lakini nilisimama."

Mkono uliondoka begani.

"Ulimwangalia anazama?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu ananipenda?"

Mfamasia akachukua mkoba wake, akamnyanyua Fundi Vioo kwa mkono, pamoja na koti la watu mwilini.

"Kwa maisha yako yote ulikuwa unaogopa mwanaume atakayeniumiza," alisema akiwa mlangoni, sauti ikikatika. "Leo ungekuwa wewe."

Mlango ulifungwa bila kishindo. Kishindo kingekuwa afadhali.

* * *

Mfamasia alihamia kwa shangazi yao. Nahodha alipiga simu, haikupokelewa. Akaandika: "Nisamehe mdogo wangu." Alama ikaonyesha umesomwa. Jibu hakuna. Akaandika tena: "Hata kunitukana huwezi?" Umesomwa. Kimya.

Aliyekuja kumwona alikuwa mtu asiyemtegemea. Mchana mmoja, kinu kinaunguruma na vumbi la unga limetanda, mlinzi alimwita Nahodha getini. Alikuta Fundi Vioo amesimama, koti lake mkononi, limefuliwa na kupigwa pasi.

"Nimeleta koti."

"Asante."

"Mimi nimeshakusamehe."

Nahodha alijifuta unga usoni, ikawa kama anajipaka zaidi. "Unanisameheje haraka hivyo? Mimi mwenyewe sijajisamehe."

"Kwa sababu nilikuwa mle ndani ya maji. Najua mkono wako ulinishika namna gani. Bega lina alama mpaka leo. Na mimi nilikuficha mwaka mzima. Nilikuwa nakula mezani kwako halafu nafuta ujumbe nikiwa chooni kwako. Na hilo nalo ni baya."

"Ni baya."

"Nakubali."

"Yeye?"

"Yeye bado. Anasema hataki kusikia jina lako. Halafu kila jioni ananiuliza kama nimekuona barabarani." Fundi Vioo akampa koti. "Usimwandikie tena. Nenda ukasimame mbele yake. Ukisimama mbele yake hawezi kukusoma akakunyamazia."

Nahodha alikwenda siku hiyohiyo akitoka kazini, nywele bado nyeupe kwa unga. Duka la dawa lilikuwa limejaa. Hakumwita. Hakupita pembeni. Alijipanga foleni nyuma ya mama mwenye mtoto anayekohoa, akasogea watu waliposogea, mpaka akafika dirishani.

Mfamasia aliinua macho.

"Nikusaidie nini?"

"Sijui dawa yake inaitwaje."

"Hatuuzi dawa bila kujua ugonjwa. Unajisikiaje?"

"Silali. Nikirudi nyumbani nawasha redio, televisheni na bomba la maji kwa pamoja, nisisikie nyumba ilivyo kimya."

Watu wa nyuma walianza kunong'ona. Mfamasia alikuwa anapanga pakiti ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Imeanza lini?"

"Ulipofunga mlango."

"Unatumia dawa yoyote kwa sasa?"

"Naomba msamaha. Mgonjwa hajapata nafuu."

Mama mwenye mtoto, ambaye alikuwa ameshapata dawa yake lakini hakuwa na haraka tena ya kuondoka, alisema: "Dada, mhudumie huyu, anatuumiza na sisi."

Mfamasia alicheka, halafu akaziba mdomo, halafu machozi yakamtoka yote kwa mara moja. Nahodha akafungua kinywa.

"Usiniulize kama niko sawa!" alimkatiza, kidole juu.

"Sikuulizi."

"Ulitaka kuuliza."

"Nilitaka. Nimeacha."

"Ukimwona mwanaume yeyote anazama, hata kama anadaiwa na dunia nzima, utafanya nini?"

"Nitaruka na nguo zangu."

"Kaa kwenye benchi lile. Nikimaliza foleni hii, tunakwenda wote nyumbani. Na ujifute huo unga, unawaogopesha wagonjwa."

Jioni hiyo Nahodha alimpigia rafiki yake. "Wewe. Kama una nia ya kweli, njoo nyumbani. Uje na wazee wako, mchana, kwa mlango wa mbele."

"Nitakuja."

"Na ubadilishe lile jina kwenye simu!"

* * *

Harusi ilifungwa kwenye ofisi ya msajili wa ndoa, chumba chembamba chenye feni inayolalamika. Mfamasia alivaa gauni la rangi ya maziwa, Fundi Vioo suti iliyombana mabegani. Shangazi alikuwa anapangusa machozi kabla hata ya mtu kusema lolote. Msajili, mama wa miwani, alirekebisha karatasi zake.

"Shahidi wa bwana harusi?"

Nahodha akasimama.

"Vizuri. Shahidi wa bibi harusi?"

Nahodha bado amesimama.

Msajili alimtazama juu ya miwani. "Baba, wewe umeshasimama kwa bwana harusi."

"Na kwa bibi harusi pia."

"Haiwezekani. Kila mmoja na shahidi wake. Chagua upande."

Nahodha alimtazama rafiki yake, akamtazama mdogo wake. Mtu aliyekata umeme wa kinu kizima bila mkono kutetemeka, sasa alishindwa kusogea hatua moja ya sakafu.

"Simama naye, kaka," alisema mfamasia taratibu. "Mimi ni wako hata usiposimama."

Shangazi akanyanyuka, akajisogeza upande wa bibi harusi na pochi yake kwapani. Nahodha alivuka chumba, akasimama bega kwa bega na Fundi Vioo, akakohoa, akatazama mbele.

"Nipishe kidogo, shemeji," alisema.